Koti Lililonuka Spiriti

Duka la vipuri lilikuwa limefurika. Watu walibanana kaunta, kila mmoja anapaza sauti yake, na muuzaji anawahudumia wote kwa mpigo. Ndiyo maana fundi cherehani aliondoka na mpira wa kupitishia mafuta ya gari, na fundi magari akaondoka na mkanda wa cherehani. Wakagongana mlangoni wakirudi, wote wamefura.

"Kaka, hebu niambie, hili dude ni nyoka au nini?"

"Ni mpira wangu wa mafuta, dada. Na huu mkanda wako nilitaka niufungie suruali."

Dada alivaa gauni la njano alilojishonea mwenyewe, limemkaa barabara, na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Kaka alikuwa na ovaroli yenye madoa hadi kwenye kola. Akacheka, mwanya ukaonekana. Dada akaisha pale pale!

Kaka aliitwa Presha na gereji nzima. Alikuwa na gari kuukuu lililomzidi umri, akalifungia turbo, kifaa cha kusukumia hewa injini ipate nguvu, na kila siku alitamani kuiongezea nguvu. Dada akamwita Presha wangu, naye Presha akampa dada jina la Sindano. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, Sindano wangu?"

"Nimekula. Wewe uko wapi?"

"Chini ya gari. Ila moyo uko huko kwako."

"Mwone! Haya, gari lako linaumwa nini leo?"

Kosa. Presha ukimuuliza gari, jiandae. "Haliumwi, nalibadilishia mafuta. Turbo ikisukuma hewa nyingi, kwa petroli tupu injini inagonga, pistoni zinatoboka. Sasa natia ethanoli, inapoza. Lakini inataka pampu kubwa na nozeli kubwa, maana ikipungukiwa tu, injini imekwenda. Halafu hiyo ethanoli ni spiriti, inatafuna mipira ya zamani, kwa hiyo mipira yote... Sindano? Mpenzi?"

Sindano alikuwa anakoroma tangu kwenye pistoni.

Mapenzi yakanoga, sasa ilibaki Sindano kumpeleka Presha kwa shangazi yake aliyemlea. Sindano alimwambia waziwazi, "Baba yangu alikunywa mpaka nyumba ikavunjika. Niliapa siolewi na mlevi. Shangazi naye ana pua, usicheze naye."

"Mimi hata soda inanipanda kichwani," Presha akasema, na ilikuwa kweli.

Sindano akamshonea suti ya kijivu. Siku ikafika. Njiani Presha akasikia harufu, akasimamisha gari, akalala chali barabarani na suti yake, kuchungulia. Mpira mmoja mdogo chini ya tangi, aliouacha kwa sababu ulionekana mzima, ulikuwa umetafunwa na sasa unachuruzika. Akaufunga kwa kitambaa, akaendesha mbio asichelewe.

Kwa shangazi akakaribishwa, akatundika koti kwenye kiti. Shangazi akavuta pumzi mara moja.

"Huyu amekunywa."

"Si mimi, shangazi! Anayekunywa ni gari!"

"Wote husema hivyohivyo. Mwingine alisema ni mbuzi wake."

Presha akamgeukia Sindano. "Mpenzi, si nilikueleza kwenye simu?"

Sindano hakukumbuka neno hata moja. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Toka," akasema. "Umenivunja moyo mbele ya shangazi yangu." Presha akatoka kwa aibu, koti akaliacha.

Simu zikalia, hazikupokelewa. Sindano akawa anashona mikono ya magauni nje ndani. Mwishowe akalichukua lile koti alifue, alirudishe, yaishe. Akalitandaza mezani. Kifua kilikuwa kisafi kabisa. Mgongo ndio ulionuka, mabegani kuna oili na vumbi la barabara. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Shangazi! Njoo! Mlevi anajimwagia wapi?"

"Kifuani, mwanangu. Baba yako mashati yake yote nimeyafua mimi."

"Kuna anayejimwagia mgongoni?"

Shangazi akanusa, akashika kiuno. "Huyo labda anywe kwa kisogo. Lete viatu vyangu."

Walimkuta Presha gereji, chini ya gari, anabana mpira mpya. Akatoka, macho mekundu.

"Umelia?" Sindano akauliza.

"Spiriti imeniingia." Akafuta macho kwa kola ya ovaroli. "Nimelia."

"Nisamehe, Presha wangu. Ulinieleza, nililala."

"Mimi ndiye wa kusamehewa. Nilitaka kupandisha nguvu haraka, mpira mmoja nikaupuuza. Mungu alisaidia gari halikuungua. Sasa nimebadilisha mpaka ule wa mwisho, na siongezi turbo hata kidogo mpaka pampu ilete mafuta ya kutosha."

Shangazi alishafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akapiga chafya. "Ala! Kweli gari ndilo mlevi. Tupeleke tuone."

Barabara ilikuwa nyeupe. Presha akakanyaga taratibu, jicho kwenye kipimo cha turbo. Turbo ikapiga mluzi, gari kuukuu likaruka mbele.

"Shangazi," Presha akasema, "naomba nimwoe."

Sindano alishika mdomo. Akaitikia kwa kichwa huku analia.

Shangazi, kilemba kimemwangukia machoni, amekumbatia kiti cha mbele, akapiga kelele, "Nimekubali! Mwoe! Ila kwanza ongeza, mwanangu, ongeza!"

"Haiongezwi, shangazi. Hapo ndipo mwisho wake."

Shangazi akainua kilemba, akamtazama mpwa wake. "Umeona? Huyu anajua pa kuachia. Baba yako hakujua."