Mgeni Haombwi

Wengine hupendana kwa kutazamana. Annick na Ekidor walianza kwa kugombania gunia la makaa ambalo wala halikuwa la Ekidor.

Ilikuwa sokoni Kakuma, asubuhi, jua limekwisha kukaza. Annick alikuwa amejifunga kitenge cha buluu na kitambaa cha manjano kichwani, mkono mmoja kiunoni. Waliomjua walijua kwamba mkono ule ukishafika kiunoni, muuzaji ana kazi. Mbele yake mama mmoja Mturkana, shanga zimemjaa shingo nzima, alikuwa amekalia gunia lake kwa utulivu wa mtu asiye na haraka na mteja.

"Mama, makaa ya mti wa mathenge hii?" Annick alisema. "Inaisha mbele ya maji kuchemka. Wiki ile ilikuwa mia saba. Leo elfu moja, juu ya nini?"

"Juu ya unga," sauti ya kiume ikajibu nyuma yake. "Unga imepanda, na huyu mama anakula."

Annick akageuka. Aliona kijana mrefu, kofia yenye unyoya mmoja, jinzi safi, akala za matairi miguuni, na mkononi kigoda kidogo cha mbao kinachoitwa ekicholong, kile ambacho wanaume wa Kiturkana hutembea nacho, wakikalie mchana na kukiwekea kichwa usiku.

"Na wewe nani amekuajiri uwakili?"

"Hakuna. Naona tu mama anaonewa."

"Mimi ndiye ninaonewa. Kwetu pia tunakula."

Wakabishana mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza. Kijana akanong'ona na mama kwa Kiturkana, mama akacheka, na bei ikatua mia nane. Annick akafungua pochi yake kwa ushindi.

"Sasa nimekusaidia," kijana akasema. "Ninunulie soda."

"Mwanamume mzima unaomba soda?"

"Naomba, ndiyo. Naitwa Ekidor."

Alimnunulia, kwa sababu alikuwa amecheka, na mtu akishacheka pochi haifungiki vizuri.

Kesho yake Ekidor alisimama mlangoni mwa saluni ya Annick, koleo kiunoni, kigoda mkononi. Ndiye fundi mpya wa Mzee Athian. Umeme wa mtaa ule wa kambi ya wakimbizi ulitoka kwenye jenereta ya Mzee Athian, ukasambazwa kwa nyaya juu ya miti, na kila nyumba ililipa kila mwezi kwa idadi ya taa na soketi. Ekidor alitumwa kukusanya, na kuwaambia watu kwamba bei inapanda.

"Wakili wa makaa," Annick alisema. "Sasa umekuja kuniuzia giza?"

"Dizeli imepanda, mrembo."

"Usiniite mrembo ukiwa na koleo. Sikiliza. Drai yangu ya nywele inafanya kazi Ijumaa mpaka Jumapili. Siku ingine soketi inalala. Mzee ananilipisha soketi inalala?"

Ekidor akakuna kidevu. Hoja ilikuwa na miguu. Akaipeleka kwa Mzee Athian, na jioni akarudi na jibu: kwa Annick, mwezi huu, bei ya zamani. Halafu akaketi kwenye kigoda chake, akamtazama kichwani.

"Nipe hicho kitambaa."

"Cha nini?"

"Nimekipenda tu. Na wewe niombe. Omba chochote."

"Mimi siombi mtu," Annick akajibu, lakini akakifungua kitambaa, akampa.

Hakuwa akiringa. Mama yake, Marie-Claire, alitoka Uvira, Kongo, akiwa amembeba mgongoni, na kambini alimlea kwa sheria moja. "Huku wanatuita ombaomba," alikuwa akisema. "Basi sisi tutanunua. Kubishana bei si aibu. Kuomba ndiyo aibu." Annick aliishika sheria hiyo mpaka ikawa mifupa yake. Saluni ndiyo iliyolisha nyumba yao, na hakuna kiti wala kitana mle ndani kilichotoka kwa mtu.

Mapenzi yakaja hivyo hivyo, yakipita katikati ya bili. Kila jioni simu iliita.

"Umekula, sheri?" Annick alikuwa akimuuliza, akimwita mpenzi kwa Kifaransa.

"Nimekula. Lakini ile maandazi yako, kesho niwekee."

"Wewe utanimaliza."

"Na wewe nimalize basi. Unataka nini? Sema."

"Nataka ulale."

Alimpa maandazi, kitana, chaja ya simu. Alimpa akicheka. Ekidor naye alimwunganisha na dada yake wa Lodwar, Rispa, aliyeuza nywele za kusuka kwa bei ya jumla, na nywele zikawa zinakuja na basi bila Annick na Rispa kuonana. Yalikuwa mapenzi matamu, na kila mtu mtaani aliyaona.

Aliyeyaona zaidi ni Nyawech, jirani mwenye kibanda cha chai.

"Huyo kijana wako anakula kwako kila siku," Nyawech alimwambia siku moja. "Mimi ananilipa mpaka chai ya kuonja. Kwako anaomba. Wewe hujiulizi? Anashika bei yako, na wewe unamshikia tumbo. Siku utamnyima, utaona."

Neno hilo liliingia na likakaa. Wiki ile ile Ekidor alipomwomba mwavuli, Annick akasema hapana. Na mwisho wa mwezi bei ikapanda kwa mtaa mzima, yake ikiwemo, karibu mara mbili.

Ekidor alipofika kukusanya alimkuta amesimama nje, mkono kiunoni, wateja wawili wenye vichwa nusu nusu wakichungulia mlangoni.

"Nilikunyima mwavuli, umenipandishia umeme."

"Annick, bei ni ya Mzee. Nimebishana na yeye tangu asubuhi."

"Soda, kitambaa, maandazi, kitana, chaja. Hata mla hongo ana kiasi, Ekidor. Kumbe mimi nilikuwa napendwa kwa risiti."

Watu walikuwa wamejaa. Ekidor alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akauliza kwa sauti ndogo.

"Na wewe, tangu tujuane, umewahi kuniomba nini?"

"Mimi siombi mtu. Nilikuambia."

"Najua. Hiyo ndiyo imekuwa ikiniuma."

Akaokota kigoda chake akaondoka. Siku iliyofuata aliyekuja kukusanya ni kijana mwingine wa Mzee, Kuany, na Ekidor, wakasema, amerudi kwao Lodwar. Annick alijiambia hajali. Alijiambia hivyo akiwa ameshika simu.

Maisha yakabana. Drai ilizimwa, akabaki na kusuka tu. Nyumbani makaa yakawashwa mara moja kwa siku, chai ikanywewa bila sukari, na maji yakabebwa kutoka bomba la bure, la mbali na lenye foleni. Wateja wa drai wakahamia kwingine. Mama Marie-Claire alizihesabu noti mezani, akazirudisha kwenye kopo.

"Mwezi mwingine hivi, tunafunga saluni."

"Hatufungi," Annick alijibu. Akachukua kibali cha kutoka kambini, akapanda basi kwenda Lodwar kuuliza bei ya sola.

Bei ya sola ilimtoa jasho kuliko jua la Lodwar. Aliingia maduka matatu, akabishana kwa ustadi wake wote, na kila alipopunguziwa bado kilichobaki kilikuwa mlima. Hakuwa na pengine pa kwenda ila kwa Rispa, angalau achukue nywele. Alimkuta dukani, mwanamke mnene mchangamfu mwenye gauni la zambarau, nyuma yake mafungu ya nywele ya kila rangi. Annick akajitaja jina.

"Ejok! Annick wa simu!" Rispa alimsalimu kwa Kiturkana, akamkumbatia, akamrudisha nyuma amtazame vizuri. "Nipe hizo hereni."

Annick akaketi juu ya boksi. Machozi yakamjia kwa hasira.

"Na wewe pia? Kwani ni ukoo mzima?"

"Ukoo mzima nini?"

"Kuomba. Kaka yako aliniomba mpaka chaja. Nikijua ni mpenzi, kumbe ananila bei ya umeme."

Rispa akavuta boksi lingine akaketi karibu naye.

"Wifi, nisikilize. Sisi hatuombi mtu tusiyemjua. Mgeni haombwi. Mgeni tunamuuzia, analipa, anaenda. Mtu wako ndiye unamwomba, kwa sababu kitu chake ni chako, na chako ni chake. Huyo kijana alimwomba nani mwingine huko Kakuma?"

Annick akamkumbuka Nyawech na chai ya kuonja inayolipwa.

"Hakuna," akasema polepole.

"Umeona? Na yeye alikuwa anangoja. Alirudi hapa amekonda, ananiambia, Rispa, yule msichana hajaniomba hata maji ya kunywa. Mimi kwake ni mteja tu."

Duka lilikuwa na kelele za barabarani, lakini Annick hakuzisikia. Aliona aibu, na chini ya aibu ile aliona furaha ikiinuka, akashindwa kuizuia. Akavua hereni, moja, ya pili, akaziweka kiganjani mwa Rispa.

"Asante. Na wewe uniombe," Rispa akasema.

Neno lilikuwa gumu kutoka. Lakini likatoka.

"Naomba unipeleke kwa kaka yako."

Ekidor alikuwa juu ya paa la duka moja karibu na kituo cha mabasi, akifunga sola. Annick alisimama kivulini mwa ukuta wa jirani na kumpigia kwa simu ya Rispa.

"Rispa, niko juu ya mabati, ngoja."

"Si Rispa."

Nyundo ikanyamaza.

"Annick."

"Teremka."

"Hiyo ni amri?"

"Ni ombi," alisema. "La kwanza."

Akateremka upesi mpaka ngazi ikalia. Kitambaa cha manjano kilikuwa kimefungwa mkononi mwake, kimefifia kwa jua. Alisimama mbele yake, asijue mikono aiweke wapi.

"Naomba maji," Annick akasema.

Akampa chupa yake. Annick akanywa yote, akaifuta midomo kwa kiganja.

"Naomba msamaha. Nilikutukana mbele ya watu."

"Umepata."

"Naomba ile sola." Akaonyesha paneli moja iliyoegemezwa pembeni, imefunikwa gunia.

"Hiyo ni yangu. Mshahara wangu wote uko hapo."

"Ndiyo maana naiomba. Ya mwenye duka ningenunua."

Ekidor alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mafundi wenzake juu ya paa wakachungulia.

"Chukua. Umebakisha nini?"

Annick akakitazama kigoda kilichokuwa chini ya ngazi. Kilichongwa na babu yake Ekidor huko Kainuk, na tangu amjue hajamwona akimwazima mtu, hata kwa dakika moja.

"Na hicho."

Kicheko kikamwisha. Aliinama, akakiokota, akakipangusa vumbi kwa kitambaa cha manjano, akamwekea mikononi.

"Sasa mimi naomba," akasema.

"Omba."

"Nakuomba wewe."

Annick akasema ndiyo pale pale, Rispa akapiga kigelegele mpaka barabara nzima ikageuka.

Sola ilipanda juu ya saluni Jumatatu. Drai ikanguruma siku yoyote Annick aliyotaka. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama, Nyawech akiwa mbele, wakauliza fundi yuko wapi na paneli ndogo inaanzia bei gani. Haikuchukua wiki, Mzee Athian mwenyewe alifika na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Binti yangu, watu wako wanataka kunikimbia."

"Ni bei inawakimbiza, Mzee."

"Dizeli imepanda."

"Imepanda, ni kweli. Lakini mchana jua likiwa kali kila mtu amelala, na mashine inanguruma. Ipumzishe hiyo saa. Na soketi inalala isilipe. Rudisha bei ya zamani, mtaa mzima, mimi nitawaambia wabaki."

Mzee akataja bei ya katikati. Annick akaweka mkono kiunoni. Mzee akauona, akahema, akakubali. Mtaa ule ulishangilia jioni hiyo, na Nyawech akamletea Ekidor chai. Ekidor alipotoa pesa, Nyawech akakataa kuzipokea.

Ilibaki bei moja tu, ya mahari. Ekidor alikuja kwa Mama Marie-Claire akiwa na shati jeupe na wajomba wawili kutoka Lodwar. Mbuzi walitajwa. Mama Marie-Claire alikaa wima katika kitenge chake cha sikukuu, na ikajulikana Annick alirithi wapi ubishi wake.

"Hao wote watapatikana," mjomba mmoja akasema mwishowe, akipangusa jasho. "Lakini harusi ni mpaka Desemba, mvua ikinyesha."

"Desemba ni mbali," Annick akasema. "Punguza."

"Mwezi wa kumi," Ekidor akasema.

"Punguza."

"Annick, mbuzi hawatatosha. Mama yako hapunguzi."

"Sipunguzi," Mama Marie-Claire akasema.

Annick aliinuka. Alichukua kigoda cha babu yake Ekidor, akakiweka miguuni pa mama yake, akaketi chini hivyo, akiutazama uso uliomlea.

"Mama, naomba."

Mama Marie-Claire alimtazama binti yake. Katika maisha yao yote mle kambini neno hilo halikuwahi kusemwa chini ya paa lile.

"Umejifunzia wapi kuomba?"

"Lodwar. Wanasema unamwomba mtu wako."

Mama aliangalia pembeni, akajifuta jicho kwa pindo la kitenge, akawageukia wajomba.

"Toeni nusu," akasema. "Na wale wanaobaki wawe wanene."

"Mwezi wa nane, basi," Ekidor akasema.

Annick alihesabu kimoyomoyo, akatabasamu, na mkono wake haukwenda kiunoni.

"Nimechukua."