Gauni la Tatu

Saa mbili asubuhi ukumbi wa chini wa jengo lile la ghorofa saba ulikuwa umejaa watu wanaosubiri lifti, wote na haraka zao. Kati yao msichana mmoja alikuwa amevaa sketi ya kijani, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, majora mawili ya kitambaa cheupe mikononi. Alipomwona fundi wa lifti akitundika kibao cha matengenezo, akageukia ngazi.

"Dada, subiri dakika kumi tu," fundi akamwambia.

"Mimi sipandi hicho kitu."

"Kimekukosea nini?"

"Wewe kitengeneze. Miguu yangu haihitaji fundi."

Fundi akacheka, akambebea jora moja mpaka ghorofa ya sita, akafika anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Mapenzi yao yalianzia kwenye ngazi zile, nayo hukosa adabu hivyo, huanzia popote.

Jengoni walimwita Sindano. Alishona magauni ya harusi na shangazi yake, chumba kimoja, cherehani mbili, mlango unatazamana na lifti. Kwa miezi mitano simu hazikukatika.

"Umeamkaje, laazizi?"

"Na kidole kimechomwa. Nilikuwa nakuwaza wewe badala ya pindo."

"Niletee hicho kidole nikitengeneze."

"Tengeneza lifti, bwana."

Lakini kila fundi alipomuuliza kama wataoana, Sindano alicheka akabadili maneno. Ijumaa moja fundi alifungua kabati la chumba kile cha kushonea atundike koti lake, akakuta magauni mawili meupe, mapya. Kiuno chembamba, bega moja limeshuka kidogo. Hakuna mwanamke mwingine ambaye yangemkaa.

"Ya nani haya?"

"Yangu."

"Yote mawili? Unaolewa na nani, na nani tena?"

Sindano akalifunga kabati. Fundi akachukua koti lake, akashuka, na siku tatu hakupokea simu.

"Mwache aende," shangazi alisema. "Wawili wametosha. Huyu naye ana mama yake."

Wachumba wawili Sindano alikuwa nao kabla yake. Mmoja aliondoka kwa homa, mwingine kwa ajali. Kila mmoja alikufa siku Sindano alipokuwa anamalizia gauni la kuolewa naye, saa sita mchana, na mara zote mbili lifti ilifunguka mbele ya mlango wao, ndani hamna mtu, ikakaa wazi. Kisha simu ikalia.

Kwa hiyo alikuwa akipiga magoti kila asubuhi katikati ya zile cherehani, akimwomba Mungu amwondolee huyu fundi moyoni. Jibu lililomjia halikuwa sauti, lakini lilikuwa neno moja: shona. Akabisha. Bwana, nimeshona mara mbili. Neno likabaki lile lile. Aliwafikiria wale wavuvi wa kwenye Injili waliorudi bila kitu, nao walilijua ziwa lao vizuri. Waliposhusha nyavu tena, walishusha kwa ajili ya aliyesema tu.

Jumatatu fundi alipokea. Sindano akamweleza yote.

"Kumbe sikuchezewa."

"Hukuchezewa. Nilikuogopea."

"Lifti ile naijua kila nati, roho yangu. Mlango haujifungui."

"Ndiyo maana sikukwambia. Ungetafuta nati."

"Sasa tunaoana au hatuoani?"

"Kesho si unakuja kubadilisha zile kamba za chuma za lifti? Ukimaliza panda, nitakujibu."

Jumanne, saa sita, zikabaki shibiri mbili za pindo la gauni la tatu. Mlango wa lifti ukafunguka taratibu. Ndani kulikuwa giza, na baridi iliyotoka mle ilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Fumua," shangazi akasema, akimpa mkasi. "Fumua, mwanangu, labda hatujachelewa."

Sindano akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akaushika mkasi, ncha ikagusa uzi.

"Bwana, ni vile vile," alisema polepole. "Na ulisema nishone."

Akauweka mkasi chini. Kila mchomo wa sindano ulikuwa kama anapigilia msumari kwenye jeneza la mtu anayempenda, na kitambaa kilikuwa kinavutwa kidogo kidogo kuelekea kwenye giza lile kana kwamba kuna mtu anavuta pumzi. Akashona. Akafunga fundo.

Viatu vikasikika kwenye ngazi. Fundi akaingia, grisi mpaka viwikoni.

"Mbona mnanitazama hivyo? Simu niliiacha kwenye begi." Akageuka. "Nani kaifungua hiyo?"

"Si wewe?"

"Umeme nimeukata tangu asubuhi. Kibanda chenyewe cha kupandia watu nimekifunga kwa mnyororo huko chini. Nimekiacha sasa hivi."

Wakatazama. Hapo palipotakiwa kuwa na shimo tupu palikuwa na kibanda, sakafu yake na kioo chake. Kioo hakikuwaonyesha. Fundi akapiga hatua, Sindano akamshika mkono wa shati.

"Acha."

"Lazima nijue."

"Mimi sijui, na nimeshona. Kaa hapa."

Akakaa. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Na ikifunguka tena, siku nyingine?"

"Huenda ikafunguka. Sikuahidiwa kwamba haitafunguka." Alikata uzi kwa meno. "Jumamosi ya wiki ijayo una kazi?"

"Ninayo."

"Iahirishe, mume wangu."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Shangazi aliutazama ule mlango ulio wazi kwa muda, kisha akaupa mgongo, akavuta kopo la vifungo, na kuuliza mgongoni mwa gauni viende vingapi.