Chuku Shingoni

Walikutana sokoni Majengo, saa za watu kusukumana, mkokoteni wa vitunguu ulipomtupa Swalihu juu ya meza ya karanga ya Stara.

"Kaka, hapa tunauza, hatulazi wageni," Stara alisema.

"Basi nipimie, nipate sababu ya kusimama."

Tangu siku hiyo sababu hazikumwishia. Swalihu alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisoma utamaduni, historia na afya ya Mwafrika, na alipanga chumba Area D. Simu zao zilianza alfajiri. Sasa wazee wake walikuwa wameahidi kufika Makole, kwa baba yake Stara, Ijumaa, kuleta posa.

Jumatano alipita sokoni, shati jeupe limefunguka kola. Stara alinyoosha mkono kumpangusa vumbi, akaliona: duara jekundu la kuelekea zambarau, chini kidogo ya sikio.

"Swalihu, hiki nini?"

"Chuku. Ndiyo utafiti wangu, mpenzi. Pembe ya ng'ombe inabandikwa mwilini, hewa inanyonywa, maumivu yanavutwa. Sikutaka kuandika nisichokijua mwilini mwangu, nikapigwa chuku."

"Chuku unanipiga mimi. Wenzio wakiongopa hutafuta uongo wa kisasa. Nani aliyenyonya hiyo pembe?"

Swalihu alifunga kola. "Bibi mmoja, njia ya Bahi."

Simu yake, iliyokuwa kando ya mizani, ikaita. Stara aliiwahi. Sauti laini kama samli ikasema, "Swalihu, usisahau kesho. Shingo tumemaliza, limebaki bega."

Stara akakata. "Bibi hana hata kikohozi."

Jioni alimwambia mama yake awazuie wageni wa Ijumaa.

"Kamwone kwanza huyo mwanamke," mama alijibu, akiendelea kuchambua mchicha. "Kumkataa mtu hakukimbii."

Kesho yake Stara alivaa dera la zambarau na mtandio wa dhahabu, akapaka wanja kana kwamba anakwenda harusini. Njia nzima kwenye bajaji aliyopanda na Swalihu, wakipita mashamba ya zabibu, alimpa kisogo.

Aliyewapokea uani alikuwa msichana mrefu, shingo ndefu, meno meupe pee.

"Shikamoo, bibi," Stara alimwambia.

Msichana akacheka. "Marahaba, mjukuu wangu. Mimi Edina. Bibi mwenyewe yule kwenye kigoda. Yeye ndiye mjuzi, anachagua mahali kwa vidole. Pumzi imemwishia, kwa hiyo kunyonya ni kazi yangu."

Stara akamgeukia Swalihu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Ungesema kweli, ningenuna siku moja tu. Haya, kati ya mdomo wake na shingo yako kulikuwa na nini?"

"Pembe nzima."

Edina akaitoa pembe, imetobolewa nchani, nta imebandikwa pembeni. Stara akaipima kwa kiganja.

"Fupi," alisema. "Nifundishe mimi."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaligusa bega la Swalihu kwa kidole. Stara akaibandika pembe hapo. Mara ya kwanza ilianguka.

"Ikandamize, wifi," Edina alisema. "Usimwonee huruma."

"Sina."

Alivuta tena. Ngozi ikapanda ndani ya pembe na Swalihu akauma meno.

"Taratibu, Stara."

Stara akazidi kuvuta.

"Na kesho," Swalihu aliuliza, uso umeelekea chini, "wazee waje, au nikawazuie?"

Mdomo wa Stara ulikuwa kwenye pembe. Swalihu akataka kugeuka, bibi akamkataza. Stara akaziba tundu kwa nta, akajifuta midomo kwa ncha ya mtandio.

"Waje," alisema. "Lakini kwenye utafiti wako uandike aliyenyonya ni mimi. Huyo Edina sitaki kumkuta hata kwenye shukrani."