Dakika Ishirini Bombani

Msusi mmoja alikuwa na vidole vyepesi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga. Ndani mlikuwa na viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kamba ukutani iliyoning'inizwa mafungu ya nywele za bandia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua mdogo wenye bomba la maji. Humo saluni ndimo alimofanya kazi huku akimlea mwanawe wa miaka miwili na nusu. Mtoto huyo alikuwa mnene, mwenye mapaja ya kukunjana, na kila mtu alimwita Kibonge.

Msusi aliishi pia na binti wa kaka yake. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisoma darasa la saba. Mtaa mzima ulimwita Maswali, na jina hilo hakulipata bure. Siku moja alimuuliza mteja kwa nini mvi zake zimeota mbele tu, na mteja akaondoka amenuna.

Jumamosi moja mteja alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu. Alikuwa anasukwa rasta ndefu, maana kesho yake dada yake alikuwa anaolewa. Maswali alikaa sakafuni akichambua nywele kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulishika daftari la sayansi, kwa sababu mtihani wa muhula ulikuwa Jumatatu. Shangazi yake alimuuliza wanafundishwa nini siku hizi huko shuleni.

Maswali alieleza kwamba muhula huu wanasoma habari za joto. Wanasoma jinsi joto linavyosafiri na jinsi linavyojificha ndani ya vitu. Mwalimu wao alichemsha viazi viwili. Kimoja alikiacha mezani, kingine akakitumbukiza kwenye maji ya bomba. Baada ya robo saa viazi vyote viwili vilishikika kwa mkono. Lakini vilipokatwa, kile cha mezani kilikuwa bado kinatoa mvuke katikati.

"Kwa hiyo mnakwenda shule kuchemsha viazi," shangazi alisema.

Fundi cherehani alicheka mpaka kichwa kikatikisika, na shangazi akamwambia atulie asije akasukwa masikio. Kisha akaendelea kutania. Alisema yeye viazi amevisomea jikoni miaka thelathini na hakuna aliyempa cheti. Maswali alirudi kwenye daftari lake.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba shuleni mtoto anajifunza majibu ya mtihani, na mambo ya maisha anajifunza nyumbani. Imani hiyo alikuwa nayo hadi saa tano na robo asubuhi.

Kazi ya rasta humalizika kwa maji ya moto. Ncha za nywele za bandia huchovywa humo ili zisifumuke. Kwa miaka tisa shangazi alikuwa akimimina maji yaliyochemka kwenye beseni, kisha akiliweka beseni juu ya kigoda nyuma ya kiti cha mteja. Hivyo hakulazimika kuinama sana. Upande mmoja wa kichwa cha fundi ulikuwa umekwisha, na shangazi alitaka kuuchovya kwanza. Aliweka beseni mahali pake, akageuka kuchukua taulo.

Kufumba na kufumbua, Kibonge, aliyekuwa akicheza nyuma ya kiti, alishika ukingo wa beseni akalivuta.

Maji yalimmwagikia mkono wa kushoto, kuanzia juu ya kiwiko hadi vidoleni. Kwanza mtoto hakulia. Alifungua mdomo tu, na sauti haikutoka. Kisha ilitoka. Shangazi alijua kilio cha njaa na kilio cha kudeka. Hiki hakuwahi kukisikia.

"Dawa ya meno," alisema. "Iko wapi dawa ya meno?"

Fundi cherehani alisimama na rasta zake nusu kichwa. Alisema dawa ya meno haifui dafu, kinachotakiwa ni ute wa yai bichi. Wawili hao wakaanza kutafuta, huyu bafuni, huyu jikoni, wakigongana mlangoni. Shangazi alipotoka na dawa ya meno mkononi, mtoto hakuwepo chumbani.

Alikuwa uani. Maswali alikuwa amemkumbatia huku amechuchumaa chini ya bomba, na maji yalikuwa yanatiririka juu ya mkono ulioungua.

Shangazi alipatwa na hasira iliyochanganyika na hofu. Tangu utoto wake alikuwa amesikia kwamba aliyeungua hamwagiwi maji, maana maji huleta malengelenge. Alimwambia Maswali ampe mtoto upesi. Maswali hakumpa. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumkatalia shangazi yake jambo lolote, hata kutumwa dukani mvua ikinyesha.

"Shangazi, nisikilize," alisema. "Maji ya moto yameshamwagika, lakini joto lake bado limo. Sasa hivi linaingia ndani ya nyama. Ukipaka dawa ya meno utalifungia humohumo. Tunatakiwa kulitoa, na maji ndiyo yanalitoa. Mwalimu alisema aliyeungua amwagiwe dakika ishirini. Naomba mkasi. Hili shati limenywa maji ya moto."

Shangazi alijikuta ameleta mkasi. Maswali alikata mkono wa shati taratibu kutoka begani. Kitambaa hakikuwa kimeganda kwenye ngozi, kwa hiyo kilitoka bila kuvutwa. Kibonge alipenda kuvaa mipira ya kufungia nywele kama bangili, na siku hiyo alikuwa na mitatu. Maswali aliikata yote. Alisema mkono utavimba, na ukivimba mipira itambana. Kisha alimwomba fundi cherehani aangalie saa kwenye simu na ahesabu dakika.

Ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa. Karibu na kiwiko lengelenge moja lilikuwa limeanza kuinuka. Shangazi aliliona akaamini ni maji yaliyolileta. Alimnyang'anya Maswali ule mkono mdogo, akautoa kwenye maji, akakamua dawa ya meno kidoleni.

Kilio cha Kibonge kilipanda ghafla. Kilikuwa kama kile cha mwanzo kabisa.

Maswali hakupigana naye. Aliushika tu mkono wa mtoto kwa upole akaurudisha chini ya maji. Kilio kikashuka. Hakikuisha, lakini kilishuka.

Shangazi alisita. Hakuwa na cheti cha sayansi, lakini mwanawe alimfahamu. Hakuna kitabu ambacho kingeweza kumdanganya kuhusu sauti ile. Maji yalipoondoka mtoto aliteseka zaidi, na yaliporudi alipata nafuu. Dawa ya meno ilibaki kidoleni mwake. Aliitazama, kisha akaipangusa ukutani.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Sita," fundi cherehani alijibu. Ute wa yai alikuwa ameshausahau. Badala yake alitaka kukimbilia kwa muuza soda kuomba barafu, lakini Maswali alimkataza. Barafu nayo huumiza ngozi iliyoungua, alisema. Yanatosha maji ya kawaida yaliyo baridi. Alimwomba shangazi amfunike mtoto kifua na miguu kwa taulo kavu, kwa sababu mwili mzima haukutakiwa kupata baridi.

Dakika ya tisa bomba lilikohoa. Maji yakawa membamba kama uzi, kisha yakakatika.

Maswali aliinua uso. Kwa mara ya kwanza shangazi aliona kwamba yule alikuwa mtoto tu. Midomo ilikuwa inamtetemeka na macho yamejaa machozi. Darasani bomba halikukatika. Mwalimu hakuwaambia bomba likikatika wafanye nini. Kibonge alikuwa ameanza kupaza sauti tena.

"Mshike vizuri," shangazi alisema. "Usimwachie."

Aliingia ndani akatoka na ndoo ya maji ya kunywa, ya familia nzima, ya siku mbili. Hakufikiri mara mbili. Alichota kwa jagi akamimina polepole kuanzia juu ya kiwiko mpaka vidoleni. Akachota tena. Alimimina kwa mkono uleule uliozoea kusuka rasta mia kwa siku. Fundi cherehani alihesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Kumi na nne. Ndoo ilipofika nusu, fundi alikimbia kwake akarudi na ndoo nyingine, maji yanamrukia gauni. Kumi na saba. Shangazi alimnong'oneza mwanawe maneno ambayo hata mwenyewe hakuyasikia.

"Ishirini," fundi alisema, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa uani kana kwamba yeye ndiye aliyeungua.

Maswali alisema mkono ufunikwe kwa kitambaa safi, bila kubanwa. Kitambaa safi kwa fundi cherehani hakikosekani. Alileta kipande cha pamba nyeupe kilichopigwa pasi asubuhi ileile. Wakaufunika mkono, wakamfunga mtoto kwenye taulo, na wote wanne wakatoka kwenda kituo cha afya. Watu njiani walimkodolea macho fundi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama. Yeye wala hakujali.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alifunua kitambaa akauangalia mkono kwa muda mrefu. Alikikunja kiwiko kidogo, akakikunjua.

"Mmepaka nini?" muuguzi aliuliza.

Ingekuwa rahisi kusema hakuna, na ingekuwa kweli. Lakini shangazi aliona hiyo kweli haijakamilika.

"Mimi nilitaka kumpaka dawa ya meno," alisema. "Ilikuwa tayari kidoleni. Huyu binti ndiye aliyenikatalia. Alimmwagia maji dakika ishirini. Wamefundishwa darasani."

Muuguzi alimgeukia Maswali, akamtazama vizuri, akatikisa kichwa kukubali. Kisha alieleza, na sasa maneno hakuyabania. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba, alisema, na joto hupenya haraka. Maji ya bomba kwa dakika ishirini huliondoa joto kabla halijafika chini. Dawa ya meno, yai, mafuta, unga, vyote hivyo hulifungia joto ndani na kuingiza vijidudu. Halafu watoto wakiletwa pale, lazima wasuguliwe kuviondoa, na wanalia upya. Lengelenge lisitumbuliwe. Na mtoto mdogo akiungua namna hii aletwe kituoni, hata kama amenyamaza.

"Na kama tusingemmwagia maji?" shangazi aliuliza.

Muuguzi alisema hawezi kujua kwa hakika. Lakini akagusa mahali pa kiwiko. Alisema ameona watoto walioungua hapo, kidonda kikazama, kovu likavuta ngozi, na mkono ukagoma kunyooka. Huyu, alisema, kidonda chake ni cha juu. Akisafishwa na kufungwa vizuri, ana matumaini mkono utanyooka.

Shangazi aliketi. Alipandisha gauni kidogo. Juu ya kifundo cha mguu wake palikuwa na kovu nene, lenye mikunjo, upana wa kiganja.

"Uji," alisema. "Nilikuwa na miaka sita. Mama alinipaka dawa ya meno. Alinipenda sana mama. Miaka yote nimedhani kuungua ndivyo kunavyopona."

Muuguzi alimwekea mkono begani, kisha akaanza kuandaa bandeji. Maswali naye aliegemea ukuta akalia, sasa kwa kuwa hakuna aliyemhitaji awe jasiri.

Baada ya wiki tatu bandeji ya mwisho ilitolewa. Ngozi mpya ilikuwa na rangi nyepesi, laini. Muuguzi alimpa Kibonge biskuti, akaishika mbali kidogo. Kibonge alinyoosha mkono wa kushoto, wote, mpaka kiwiko kikanyooka kabisa, akaichukua. Shangazi alilia mbele za watu bila kuona haya.

Saluni nayo ilibadilika. Kile kigoda kiliondolewa. Maji ya moto sasa hukaa kwenye chupa ya chai yenye kifuniko, juu ya rafu ya kimo cha kifua, na hayamiminwi mpaka mteja awe tayari. Seremala alitengeneza kijigeti cha mbao mlangoni. Wakati wa kuchovya nywele, Kibonge hubaki upande wa pili akilalamika kwa lugha yake. Mteja akiuliza, shangazi humweleza habari za dakika ishirini, atake asitake. Fundi cherehani aliyekwenda harusini na kichwa kilichomaliziwa saa mbili asubuhi humsaidia kueleza, na kila akisimulia ndoo huongezeka.

Katika mtihani wa sayansi Maswali alipata kumi na saba kati ya ishirini. Mwalimu alimpunguzia alama kwa kujaza ukurasa mzima juu ya kiazi na kukosa nafasi ya maswali mengine.

Muhula mpya ulipoanza, alirudi nyumbani siku ya kwanza akaweka mkoba chini. Zamani shangazi angemwonyesha ufagio. Siku hiyo aliacha vidole katikati ya kichwa cha mteja akamgeukia.

"Haya, leo mmefundishwa nini?"

"Tumeanza umeme," Maswali alisema.

Alikuwa anatazama ukutani. Shangazi aliyafuata macho yake. Aliona mashine ya kukaushia nywele, na waya wake uliofungwa gundi ya karatasi sehemu mbili. Aliona ndoo ya kuoshea nywele chini yake, na sakafu iliyolowa.

Maswali alifungua mdomo. Shangazi alikuwa ameshasimama. Alikausha mikono yake vizuri, akaivuta plagi, akaketi kwenye kiti cha pili cha wateja.

"Sasa nieleze," alisema. "Tangu mwanzo."