Hakumkimbia Mtu

Jumamosi za Maren Huisman zilifanana. Aliamka kabla ya kuitwa, akavaa buti, akawalisha nguruwe pamoja na baba yake, kisha akarudi ndani na kupanda mizani iliyokuwa nyuma ya mlango wa bafu. Ratili mia moja na tano. Hapo ndipo alipojipa ruhusa ya kufikiria kifungua kinywa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na miaka sita kati ya hiyo alikuwa mwanamieleka. Katika mji wa Prairie Fork, jimbo la Iowa, hakuna aliyemshangaa mtoto anayejipima kabla ya kula.

Baada ya mizani ulifuata mkahawa wa Bi Bev. Meza kubwa ya dirishani ilikuwa bunge. Wajumbe wake walikuwa wazee wenye kofia za zambarau za Chuo cha Kettler, na toka Novemba hadi Machi hoja yao ilikuwa moja tu: mieleka. Nani kalegea, nani kanenepa, kocha kakosea wapi. Spika wa bunge hilo alikuwa Mzee Gaylen Pruitt, ambaye kwa miaka thelathini na moja alikalia kiti kilekile ukumbini, mstari wa tatu.

Jumamosi ile, Maren na baba yake hawakuwa wamevua hata makoti wakati Mzee Gaylen alipopiga meza, kahawa ikaruka.

"Amekimbia! Vondrasek amemkimbia yule kijana wa Marlow! Mapambano kumi na nane hajashindwa, halafu siku ya mwanamume kukutana na mwanamume, jina lake halimo!"

Kila mtu pale alijua kisa hicho. Ijumaa Kettler walipambana na Chuo cha Marlow, mahasimu wao wakubwa. Watu elfu tatu walikuja kumtazama Brecken Vondrasek. Mtangazaji akasoma jina la mtu mwingine. Waandishi walipomuuliza Kocha Oostra sababu, alijibu maneno mawili, "Leo hayupo," akaondoka zake.

"Oostra ndiye kamficha," alisema mzee mwingine huku akitafuna. "Anailinda rekodi. Kijana asiposhindwa, atapangiwa wapinzani dhaifu kwenye mashindano ya taifa. Ujanja wa makocha wa siku hizi."

Maren aliweka uma chini. Brecken Vondrasek alikuja kila Alhamisi kwenye klabu ya watoto kuwafundisha bure. Ndiye aliyemfundisha kuingia miguuni mwa mpinzani bila kuinamisha kichwa.

"Hakukimbia," alisema.

Meza ikageuka kumtazama.

"We mjukuu, kwani ulikuwepo?" Mzee Gaylen aliuliza.

"Nilikuwepo. Nilikaa nyuma yako. Ulipiga kelele mpaka bisi zako zikanirukia usoni."

Wazee walicheka. Mzee Gaylen hakucheka. "Basi tuambie, alikuwa wapi?"

"Sijui. Na wewe hujui. Mimi ninasema sijui, wewe unaandika mtandaoni, kwenye ukurasa wa mashabiki, kwamba yeye ni mwoga."

"Maren!" baba yake, Curt, alimkanya. "Heshima."

"Nimezungumza taratibu, Baba. Sijamtukana mtu."

"Watu mia mbili wameniunga mkono pale ukurasani," Mzee Gaylen alisema, akinyoosha kidole kama refa. "Mia mbili! Haya, bibie, Jumamosi ijayo ni zamu yako. Yule Arreola amekulaza chali mara mbili mwaka huu. Angalia na wewe usije ukapotea ghafla."

Damu ilimpanda Maren hadi masikioni. "Mimi nitakuwa katikati ya mkeka. Uje na miwani."

Safari hii hata Mzee Gaylen alitabasamu. Maren hakutabasamu. Katika uzito wake mkoa mzima ulikuwa na wasichana wawili tu, yeye na Ximena Arreola. Pambano lao la mchujo lilikuwa moja, na mshindi peke yake ndiye angekwenda fainali za jimbo. Maren alikuwa amezingoja fainali hizo toka alipokuwa na miaka saba.

*

Jumatano, akiwa anaoga, aliona duara jekundu kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Lilikuwa dogo kama kifuniko cha chupa, kingo zake zimeinuka, na liliwasha. Alijua ni nini. Kila mwanamieleka anaijua choa. Inapita kutoka ngozi hadi ngozi, na kutoka mkekani hadi kwenye ngozi.

Alhamisi alivaa shati la mikono mirefu kwenda klabuni. Mlango ulikuwa umefungwa. Brecken alikuwa amesimama nje kwenye theluji, mikono mfukoni, bandeji nyeupe imemfunika taya.

"Leo hakuna mazoezi," aliwaambia watoto. "Tunasugua mikeka kwa dawa. Nendeni nyumbani mkakague ngozi zenu, kila mahali. Mkiona kitu, mwambieni mzazi."

Wengine walipoondoka, Maren alibaki.

"Kaka Brecken, ndiyo maana hukupigana?"

"Ndiyo maana."

"Kwa nini huwaambii? Wanakuita mwoga! Wanamsema hata kocha!"

"Nimewasoma." Alicheka kidogo, bila furaha. "Kocha aliniuliza kama nataka watangaziwe. Nikakataa. Uso ni wangu. Basi akaamua kutukanwa yeye pamoja nami."

"Mimi ningewajibu mmoja mmoja."

"Najua, wewe ungewajibu." Kisha akaacha kucheka. "Mwaka jana nilipata kama hii. Nikaipaka krimu ya uso, nikapita ukaguzi, nikashinda. Watu wakanipigia makofi. Niliyemshinda alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Nilimwambukiza, ikamtoka machoni, akakosa mashindano ya taifa, na hakuwa na mwaka mwingine. Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinisamehe. Hiyo ndiyo inayoniuma."

Mkono wa Maren uliwasha ndani ya shati. Huo ulikuwa wakati wa kusema. Alifungua mdomo, akaiona sura ya Mzee Gaylen akilini, akaufunga.

"Mkono una nini?" Brecken aliuliza.

"Baridi tu," alisema Maren, akaondoka haraka.

Jioni alimwonyesha baba yake. Mama yake alikuwa amekwenda Nebraska kumuuguza dada yake, na Maren alijua kwamba mama asingekubali. Curt aliutazama mkono kwenye mwanga wa jikoni, akafungua kabati la kufulia, akatoa chupa ya klorini.

"Kaza meno," alisema. "Baba yangu alinisugua hivihivi, na nikapigana."

Klorini iliunguza mpaka machozi yakamtoka. Duara halikuondoka, lilizidi kuwa jekundu.

"Jumamosi tutalifunika kwa krimu ya mama yako, na poda juu," Curt alisema. "Ni dogo. Hakuna atakayeliona."

"Tukiwaambia je, Baba?"

Curt alikaza kifuniko cha chupa. "Tukiwaambia, huna fainali. Na unajua watakavyosema mjini. Umemkimbia Arreola."

Maren alijua. Aliinamisha kichwa, na neno lile likamuwasha kuliko mkono.

*

Mchujo ulifanyika katika ukumbi wa Chuo cha Kettler. Asubuhi watoto walipanga mstari kwa ukaguzi wa ngozi. Daktari alipita na tochi ndogo: shingo, uso, mikono, miguu. Alipomfikia Maren alimulika mkono wa kulia, akamulika wa kushoto, akamchora alama ya kalamu kwenye kiganja. Amepita.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Maren alitegemea kufurahi, akajikuta anauficha mkono nyuma ya mgongo.

Waliitwa saa tano. Mstari wa tatu ulijaa kofia za zambarau. Kocha Oostra, mwenyeji wa mashindano, alikuwa amekaa kwenye meza ya waamuzi, uso wake mkavu kama kawaida. Curt alisimama kwenye pembe ya mkeka akipiga makofi.

Ximena Arreola alishaingia. Alikuwa mfupi, mabega mapana, nywele amezisuka na kuzibana ndani ya kofia ya kukinga masikio.

"Umekuja, Huisman," alinong'ona. "Nilidhani umechoka kutazama taa za dari."

"Leo utazitazama wewe. Zihesabu vizuri."

"Nitazihesabu nikiwa nimekukalia."

Ilikuwa kejeli safi, ya wapinzani wanaoheshimiana, na Maren aliipenda. Refa aliwaita katikati. Walisimama mguu mbele. Kwa mazoea, Maren aliinua mkono wa kulia kama alivyouinua katika kila pambano: kiganja nyuma ya shingo ya mpinzani, mkono chini ya kiwiko umekandamizwa shavuni.

Mkono chini ya kiwiko. Shavuni.

Aliona hasa mahali ambapo duara lake lingesuguliwa, dakika baada ya dakika, mpaka poda iishe. Jicho la Ximena lilikuwa pale pale, jeusi, linamtazama bila kujua lolote.

"Peaneni mikono," alisema refa.

Ximena alinyoosha mkono. Maren aliuvuta wake nyuma.

"Subiri," alisema. Alishika ncha ya fulana yake, akailowesha kwa mate, akausugua mkono. Poda ilitoka, krimu ikatoka. Akamnyooshea refa mkono. "Nina choa. Niliificha. Siwezi kumgusa."

Refa aliutazama, akaita daktari, daktari akatikisa kichwa. Refa akaipishanisha mikono yake juu ya kichwa. Pambano limekwisha kabla ya kuanza.

Waliokaa juu hawakusikia lolote. Waliona tu msichana wa kwao amekataa mkono wa mpinzani. Mzomeo ulianzia nyuma, ukateremka ngazi kwa ngazi. Kisha sauti aliyoijua vizuri ikatoka mstari wa tatu.

"Amemkimbia! Na huyu naye kakimbia!"

Maren aligeuka. Hakuondoka mkekani. Alitembea mpaka ukingoni, mbele ya kofia zote zile, akainua mkono wake juu, duara jekundu likiwaka kwenye taa.

"Mzee Gaylen! Hiki hapa ninachokikimbia! Shuka uje uguse! Shuka ukisugue shavuni mwako halafu uniite mwoga!"

Mzee Gaylen aliutazama mkono. Hakushuka.

"Nani mwingine?" Maren alipiga kelele. "Mko wengi. Nani anakuja?"

Hatua nzito zilisikika nyuma yake. Alikuwa baba yake. Curt Huisman hakuwahi kuzungumza mbele za watu, hata kanisani. Alisimama kando ya binti yake, akavua kofia.

"Krimu nilimpaka mimi," alisema. "Yeye aliniuliza kama tuwaambie. Nikamkatalia kwa sababu niliwaogopa ninyi. Mkitaka kuzomea, nizomeeni mimi."

Hakuna aliyezomea. Kocha Oostra aliinuka kwenye meza ya waamuzi, akaja taratibu.

"Mimi bado nasema," Mzee Gaylen, aliyekuwa ameunganisha kisa hiki na kile cha Ijumaa, alinung'unika, sasa kwa sauti ndogo, "kama kocha angetueleza habari za Vondrasek, watu wasingesema."

"Ulinunua tiketi, Gaylen," Kocha Oostra alimjibu. "Hukununua ngozi ya mtu."

Watu walicheka, na mzee akakaa, masikio yake yamekuwa ya zambarau kama kofia. Kocha alimgeukia Maren, lakini alisema kwa sauti ya kutosha mstari wa tatu.

"Sikiliza, binti. Umekosea kuficha, na umepoteza fainali kwa haki. Sitakudanganya kuhusu hilo. Lakini kukimbia ni kumwacha mwenzako na hatari unayoijua wewe peke yako. Wewe umesimama ukaisema mbele ya mji mzima, wakati daktari ameshakupitisha. Katika mchezo huu mpinzani anakukabidhi mwili wake. Unaruhusiwa kumwangusha. Huruhusiwi kumwumiza kwa siri. Asiyelijua hilo, hata ashinde mara kumi na nane, hajui mieleka."

Maren aliitikia kwa kichwa. Sasa machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Daktari aliuosha mkono wake, akamwandikia dawa ya kupaka kwa wiki mbili, na akamwambia Curt waziwazi kwamba klorini ni ya soksi. Curt alisema, "Ndiyo, daktari," kama mtoto wa shule.

Nje, theluji ilikuwa imeanza tena. Ximena alikuwa akimngoja kando ya gari la mama yake, koti limefungwa mpaka kidevuni. Hakuonekana mtu aliyeshinda.

"Nimekasirika," alisema. "Nilijiandaa mwezi mzima. Sasa nakwenda fainali bila hata kutoka jasho."

"Samahani."

"Usiniombe samahani, jicho langu bado ni zima." Alirudi nyuma hatua moja, akaupima mkono wa Maren uliofungwa bandeji. "Wiki mbili, siyo? Sisi tunafanya mazoezi Jumanne, ukumbi wa nyuma ya kiwanda cha nyama. Ukipona, njoo. Pambano langu nakudai."

"Nitakuja," alisema Maren. "Na nitakulaza chali mbele ya mama yako."

Mama yake Ximena alicheka kutoka ndani ya gari, akawasha injini.