Mama Alisimama Mbele ya Shuka la Kijani

Mama yangu mzazi alikuwa upande mmoja wa shuka. Mimi nilikuwa upande wa pili.

Kati yetu kulikuwa na kitambaa cha kijani tu... na uongo wangu.

"Sogea kidogo kushoto, mama," nilimsikia Wilson akimwelekeza. "Hapo hapo. Usiliguse shuka."

Wilson. Rafiki yangu. Mtu aliyeniapia kwamba mama hatavuka kamwe meza ya mbele ya studio yake.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nyuma yangu ukuta. Mlango ni mmoja, na mlango huo ulikuwa upande wa mama.

Nilisimama juu ya godoro langu, nimejibana ukutani, kiganja mdomoni.

Mbaya zaidi, ndugu zangu mnaosoma... mama alikuwa amekuja kurekodi ujumbe wa kutumwa Sauzi, Afrika Kusini.

Kwa nani?

Kwangu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Ambwene, mtoto wa Mzee Andongwisye wa Isongole. Enzi hizo simu zilikuwa hazijaanza kutumiana video, na kila kijana wa Tukuyu aliyepata kompyuta alifungua studio. Harusi, kipaimara, kwaya, msiba, vyote vilichomwa kwenye CD.

Mimi sikutaka studio. Nilitaka Sauzi.

Nilijifundisha mashairi mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku nikipalilia. Niliamini kichwa kama changu hakiwezi kuzeekea kwenye matuta ya viazi. Na nikawaambia hivyo hivyo, kanisani, siku ya kuagwa.

"Mkiniona tena, mtaniona ndani ya gari langu."

Watu wakapiga makofi.

Wakala aliyetuchukua mimi na vijana wenzangu akatutelekeza Lilongwe, Malawi. Nikarudi kwa kudandia malori, nikaingilia mpakani Kasumulu, nikiwa na ndala zisizofanana na sweta alilonifumia mama.

Lori la mwisho lilikuwa linapanda kwenda Mbeya. Lingenishusha Isongole, kwetu kabisa.

Nilishuka Tukuyu.

Kiburi, ndugu zangu. Kiburi kinajua kugonga bodi gari lisimame kabla ya kwenu.

Wilson nilisoma naye. Akanificha kwenye chumba chake cha kurekodia.

"Nyumbani utawaambia nini?" akaniuliza.

"Nitawaambia nipo Sauzi."

"Kwa barua?"

"Kwa video."

Akacheka, kisha akaona sicheki.

Alikuwa na shuka la kijani la mtumba. Akalitundika kwenye kamba, kutoka ukuta hadi ukuta. Rungwe nzima ni kijani, migomba, chai, hadi mabati yanaota ukoka, na sisi tumejifungia ndani tunahangaika na kijani cha mtumba.

Akanisimamisha mbele yake, akanirekodi. Kwenye kompyuta akaigusa ile rangi, akaiamuru programu iifute. Kijani kikatoweka. Nikabaki peke yangu, nimeelea kwenye giza. Halafu akapachika nyuma yangu barabara ya mji mkubwa, magorofa na magari.

Nilijiona. Nilikuwa Sauzi.

"Kuna hiki kitufe cha kuvuta," Wilson akanionyesha. "Ukikivuta kidogo, kijani kinabaki kwenye nywele kama ukungu. Ukikivuta sana, programu inaanza kula na mtu mwenyewe."

"Kivute," nikamwambia. "Sitaki ukungu wa Tukuyu kichwani mwangu."

Salamu zangu nilizitoa kwa shairi:

*Nipo mji wa dhahabu, magari kama siafu,*
*Msidhani nina tabu, nguo zangu ni nadhifu.*

Mama alikuwa anakuja kuchukua CD pale mezani. Mimi nyuma ya ukuta nasikia sauti yake.

"Ametumaje huyu mtoto?"

"Kwa intaneti, mama. Mimi nimechoma tu."

"Ndaga, asante baba. Mungu akubariki."

Huko Isongole CD ilichezwa kwa jirani mwenye deki. Watu walibeba mabenchi kutoka kwao. Wengine wakaanza kuwaambia watoto wao: kuwa kama Ambwene.

Na kadiri walivyonishangilia, ndivyo nilivyoshindwa kutoka. Mchana siwezi, watu wa kwetu wanashuka sokoni Tukuyu. Nililala nyuma ya lile shuka, nikaamka nyuma yake, nikala nyuma yake. Kila CD ilikuwa tofali, na mwenye kujengewa ndani ni mimi.

Kwenye CD ya mwisho, zipu ya jaketi la Wilson nililokuwa naazima ilikatika. Nikarekodi na sweta langu.

Wilson akakunja uso mbele ya kompyuta. "Ambwene, njoo uone hapa kifuani."

"Choma CD bwana. Watu wanasubiri."

Sikwenda kuona.

Sasa turudi kwenye godoro.

"Funga mlango, mwanangu Wilson," mama alisema. "Maneno yangu ni ya nyumbani."

Ufunguo ukazunguka. Krak.

"Niangalie wapi?"

"Hapa, mama. Penye hiki kitaa chekundu."

"Na yeye ataniona?"

Wilson akakohoa. "Atakuona."

Mama akashusha pumzi.

"Ambwene. Ni mimi mama yako. Sisi tupo. Mvua ipo. Yule ng'ombe mwenye baka amezaa ndama jike... Baba yako hali."

Nilikikandamiza kiganja mdomoni.

"Yupo kitandani, sahani anaisukuma. Ananiuliza, mwanangu anakuja lini? Namwambia Sauzi ni mbali. Anasema, mbali kama wapi?"

Kutoka pale hadi kitandani kwa baba ni bodaboda moja tu. Ningemkuta maji ya moto ya chai hayajapoa.

Mkono wangu ukaenda kwenye shuka. Ukarudi.

Nikitoka, nimekufa mbele ya mabenchi yote ya Isongole. Nisipotoka, baba anakufa akiwa anaulizia umbali wa uongo wangu.



"Umemaliza, mama?" Wilson akauliza.

"Bado."

Nikasikia miguu yake ikigeuka kwenye sakafu. Kivuli chake kikajaa kwenye shuka, mbele ya uso wangu. Alikuwa ameipa kamera mgongo.

"Zima mashine yako, Wilson. Ninayeongea naye hayupo huko."

Wilson akaizima. Mvua tu juu ya bati.

"Sweta hilo nimelifuma mimi," mama akaliambia shuka. "Uzi mwekundu uliniishia, kifuani nikaweka mstari wa kijani. Kwenye CD mstari haupo. Pale kifuani magari yanapita. Watu wanashangilia magorofa, mimi naangalia lori jeupe linaingia ubavu huu wa mwanangu na kutokea ubavu wa pili. Nikasema, huyu ama amekufa, ama ananidanganya."

"Mama..." Sauti ilitoka kabla sijaamua.

"Nyamaza kwanza. Nilikwenda Kyimo kwa fundi aliyepiga video ya harusi ya jirani yetu Loyce. Nikamuuliza, ni mdudu gani anayekula uzi wa kijani tu? Akacheka hadi akakaa chini. Ndipo akaniambia habari za shuka. Nikajua anayekuchomea CD ndiye anayekuficha, na leo ananikataza kuligusa shuka lake."

"Mama, nisamehe."

"Toka. Sitalivuta mimi. Nikilivuta, utasema mama amekuaibisha."

Nilitaka kutoka kwa heshima, kama mwanaume. Nikalivuta shuka kwa nguvu, kamba ikakatika, likaniangukia kichwani. Nikatoka nikipapasa kama kuku ndani ya gunia.

Mama akanifunua uso.

"Hata kutoka hujui," alisema. Akanitazama juu hadi chini, kwenye zile ndala. "Umekonda sana kwa mtu wa mji wa dhahabu."

Wilson alikuwa anasoma dari.

Tulipanda bodaboda mshikaki, dereva, mama katikati, mimi nyuma. Mvua ilinichapa njia nzima na sikuisikia. Nilikuwa naomba jambo moja tu: nimkute baba anapumua.

Nilimkuta.

Alikuwa shambani, anachimba viazi. Shavu limejaa kiazi cha kuchoma, kingine kiko mkononi.

"Mama... si ulisema hali?"

Mama alikuwa anakamua maji kwenye kitenge chake.

"Wewe uliweka magorofa nyuma yako. Mimi nikaweka ugonjwa nyuma ya baba yako. Ila mimi sikuhitaji kompyuta."

Baba akameza. "Ugonjwa gani?"

"Wako. Umeshapona."

Baba akanitazama. Kisha akatazama barabarani.

"Ulisema tutakuona na gari. Liko wapi?"

Nikaonyesha bodaboda iliyokuwa inageuza. "Ndilo lile linaondoka, baba."

Alicheka hadi kiazi kikamtoka mkononi. Halafu, akiwa bado anacheka, akanirushia jembe.

Nilidhani aibu ingeniua. Watu walinicheka msimu mzima, ni kweli, watoto wakaniita Sauzi. Lakini nilikuwa natembea mchana. Ninyi ambao hamjawahi kulala nyuma ya shuka hamjui utamu wa kutembea mchana huku unachekwa.

Siku moja, kwenye matuta, nikamghania mama shairi jipya:

*Nilijivika majengo, kifuani pana shimo,*
*Mama aliona pengo, nimerudia kilimo.*

"Zuri," mama akasema. "Haya, tuta hilo bado."

Nawaachia hili. Wewe uliyepiga picha jana umeegemea gari la mtu, na leo unaogopa kupokea simu ya nyumbani... jipambe upendavyo. Wengi watatazama magorofa yako na kukupigia makofi.

Ila yupo mmoja, kwenye benchi la mwisho, ambaye hatazami magorofa. Anatazama kifua chako.

Huyo mpigie simu kabla hajaja na boda.