Chupa Iliyoshiba

"Ghorofa ya tatu, Kobe. Bado anapanda."

Sauti ya Kituo ilitoka kwenye kisikizi kilichokuwa sikioni mwa Kobe. Pumzi ya kujibia hakuwa nayo.

Walimpa jina hilo kazini kwa sababu hajawahi kumpata mtu haraka, na hajawahi kumkosa. Miaka kumi na tisa ya kukimbiza watu kwenye ngazi. Goti la kulia lilishaomba kustaafu, ila hakuna aliyelisikiliza.

Saa nne na nusu asubuhi. Jengo la ofisi, lifti mbovu, harufu ya rangi mbichi. Ghorofa moja juu yake, viatu vya Mlezi viligonga saruji.

Mlezi alikuwa mfanyakazi wa maabara ya serikali. Kwa miaka kumi na moja alilisha chembe za damu kwenye chupa, zile ambamo vimelea hupangishwa ili vichunguzwe. Siku nne zilizopita alitoweka na chupa moja. Humo mlikuwa na kimelea kinachokula ini. Mnunuzi, mtu wa nje, alitaka kukipenyeza kwenye benki ya damu.

"Kituo. Mnunuzi yuko wapi?"

"Tumembana ghorofa ya sita, yuko chini ya ulinzi. Lete Mlezi tu."

Tu. Watu wa Kituo wanalipenda sana neno hilo, maana wao hukaa kwenye viti.

Ghorofa ya tano. Mlango wa chuma, kufuli jipya.

Mlezi aligeuka. Hakuwa na pa kwenda. Chupa ilikuwa mkononi.

Kobe alichomoa bastola yake. "Weka chini, kaka. Taratibu."

Mlezi hakuiweka chini. Aliirusha.

Kobe aliidaka kwa mkono wa kushoto, mkono ukagonga chuma cha ngazi, na chupa ikapasukia kiganjani. Maji mekundu yalichuruzika hadi kwenye kiwiko. Mengine yalikuwa damu yake mwenyewe.

Alimtia Mlezi pingu, akamfunga kwenye chuma cha ngazi, kisha akapiga simu.

Aliyepokea alikuwa mkuu wa ile maabara, mdogo wa marehemu mkewe.

"Shemeji, chupa imenipasukia mkononi."

"Umekatika?"

"Kiganja kizima."

Kisha sauti ya kazi, kavu.

"Nisikilize vizuri. Kimelea hiki hakina tabia moja. Kinachukua tabia ya chembe iliyokilea. Chembe ikikosa sukari, kimelea kinajua hapa hakuna maisha, kinajinoa, kinatoka kuvunja nyumba nyingine. Chupa ile ilipoibwa ilikuwa na njaa. Tuliifanya hivyo makusudi."

"Na kikiingia kwangu?"

"Dawa bado hatuna."

"Kikiwa kimeshiba je?"

"Siku tatu za kushiba zinatosha. Kinazaana humo humo, na kuvunja mlango kinasahau kabisa. Jua amekilisha nini." Sauti ilimpasuka. "Mwanao anatoka shule saa nane, shemeji. Nikamwambie nini?"

"Mwambie nakuja."

Hakukata simu. Aliitia kwenye mfuko wa shati.

Mlezi alikuwa anatabasamu. "Nimevinyima kila kitu, kama mnunuzi alivyoagiza. Vina njaa ya kufa mtu. Nifungue, nikupe dawa."

Kobe alijua dawa haipo. Kuhusu njaa, hakujua.

Aliketi kwenye ngazi. Aliogopa, tena sana. Zamani angemkunja huyu mtu ukosi mpaka aseme. Leo hata ngumi ilikuwa nzito kuinua. Akamtazama mikono: kucha zimekatwa fupi, safi, mikono ya mtu anayejali kazi yake.

"Basi ndiyo maana vimekufa," alisema kwa uchovu. "Tazama rangi ya maji. Eti Mlezi! Umeviua kwa uzembe. Mnunuzi alikuwa anauziwa maiti."

"Uzembe?"

"Hata mtoto wa darasa la pili angevitunza vizuri zaidi."

"Mimi?" Pingu ililia kwenye chuma. "Kila saa sita nimevilisha! Sukari! Damu mpya! Siku nne nimelala na chupa kwapani isipoe! Yule mnunuzi alisema vife njaa, angejua nini yeye? Miaka kumi na moja, hakuna kilichowahi kufa njaa mikononi mwangu!"

Kisha akasikia alichokisema.

Kobe aliinamia mfuko wa shati. "Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia. Njoo hata hivyo. Mimi naamini hadubini, siamini midomo."

Kobe aliwakabidhi watu wa Kituo Mlezi, akabeba kitako cha chupa hadi maabara. Shemeji alimfunga bendeji, akachukua tone la damu yake na tone la kile kilichobaki kwenye kitako cha chupa, akayachanganya. Walisubiri saa mbili. Hakuna aliyeweza kutania, na hao wawili hutaniana hata msibani.

Shemeji aliinamia hadubini kwa muda mrefu.

"Vinaelea tu," alisema mwishowe. "Vinene. Hata kimoja hakijabisha hodi."

Halafu akaketi akalia. Kobe alimwekea mkono mzima begani.

Simu iliita. Kituo.

"Kobe, hongera. Kuna mzigo mwingine bandarini. Saa nane na nusu. Uko tayari?"

Shemeji alijifuta machozi, akafungua bakuli la chakula chake, akalisukuma mbele ya Kobe.

"Nikishiba sitakwenda," Kobe alisema.

"Wahenga walishasema, shemeji. Shibe mwana malevya."

Kobe alilitazama bakuli. Alilitazama goti. Akazima simu.

Alikula mpaka kitako cha bakuli kikaonekana. Kisha akavaa koti juu ya bendeji na kutoka, polepole, kuelekea shuleni.

Saa nane kasoro dakika tano alikuwa getini.